Hataza na leseni za algoriti za usimbaji: mteja wa Marekani anataka uhakika wa maandishi

#1 FunguoMbili
Wakuu, habari zenu. Nina swali, na nina msimamo ambao naomba mnipinge kwa hoja.

Programu ni ya kuhifadhi nyaraka: Android, iOS kidogo, na seva za Linux. Ndani kuna RSA-2048 ya kufunga funguo, AES-256-GCM ya data, X25519 ya kukubaliana funguo, Ed25519 ya sahihi, Argon2id kwa nywila, na ML-KEM-768, ya kustahimili kompyuta za kwanta, inaingia mwaka huu. Mteja yuko Marekani. Mkataba wake una kipengele kwamba muuzaji anahakikisha hakuna hataza (patent) ya mtu inayokiukwa, na mteja akishtakiwa, muuzaji ndiye analipa. Anataka orodha ya kila algoriti, mmiliki wake na leseni yake.

Msimamo wangu: algoriti ikishazidi miaka 20 ni huru. Hesabu haipewi hataza hapa kwetu. Kwa hiyo cha kuangalia ni leseni ya maktaba tu. Nimekosea wapi?

#2 Mvita_Seva
Umechanganya vitu vinne. Hataza inazuia kutumia njia yenyewe, hata kama msimbo umeuandika mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza. Hakimiliki inalinda msimbo ulioandikwa, njia haigusi. Kisha kuna siri ya biashara na alama ya biashara.

RC4, algoriti ya zamani ya usimbaji, ndiyo mfano mzuri. RSA Data Security hawakuichukulia hataza, waliificha kama siri tangu 1987. Septemba 1994 ikavuja kwenye orodha ya barua pepe ya Cypherpunks, na siri ikaishia hapo. Jina "RC4" likabaki alama ya biashara, ndiyo maana kwenye msimbo wa zamani unakuta ARCFOUR au ARC4. Mdogo wake RC5 alichukuliwa hataza, na mpaka leo ukijenga OpenSSL (maktaba maarufu ya usimbaji) bila kusema lolote RC5 haimo. Lazima uandike `enable-rc5`.

Orodha yako iwe na safu nne. Na RC4 yenyewe usiiguse kwenye TLS, itifaki inayolinda HTTPS; RFC 7465 (hati ya viwango vya mtandao) iliipiga marufuku 2015.

#3 Hatazani
> Hesabu haipewi hataza hapa kwetu.

Kweli, lakini haikuokoi. Hataza ni ya nchi kwa nchi. Kenya, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inaziweka nje mbinu za kihisabati. Ulaya, kifungu cha 52 cha mkataba wao wa hataza kinaziweka nje mbinu za kihisabati na programu za kompyuta, halafu kinaongeza kwamba zuio hilo ni kwa vitu hivyo vikidaiwa vyenyewe tu. Hapo ndipo mawakili wanapopita. Haandiki "hesabu hii ni yangu". Anaandika "kifaa cha kusimba data chenye sehemu A, B na C". IDEA ya Ascom ya Uswisi ilipata hataza Ulaya na Marekani kwa namna hiyo, na ikadumu mpaka 2011 na 2012. Marekani nako, uamuzi wa Alice dhidi ya CLS Bank wa Juni 2014 umezibana hataza za wazo tupu lililowekwa kwenye kompyuta, lakini haukuzifuta.

Jiulize programu inauzwa wapi, seva iko wapi, mtumiaji yuko wapi. Seva ikiwa Virginia na mteja yuko Marekani, sheria ya Marekani inakuhusu hata kama msimbo wote umeandikiwa Sinza. Na kwa soko la hapa, ukitafuta usiishie kwenye ofisi za nchi, BRELA ya Tanzania au KIPI ya Kenya. Hataza inaweza kuja Tanzania, Kenya au Uganda kupitia ARIPO ya Harare, shirika la kikanda la Afrika la mali ya viwanda. Zanzibar ina sheria yake peke yake.

#4 DadaBiti
> algoriti ikishazidi miaka 20 ni huru

Hapo umechemka mkuu, pande zote mbili. Miaka 20 inahesabiwa tangu maombi ya hataza yalipowasilishwa, haihesabiwi tangu algoriti ilipochapishwa. Mtu anaweza kuchukua hataza ya mbinu ya kuiharakisha algoriti miaka kumi baada ya algoriti kuzaliwa.

Pili, hesabu ya Marekani ilikuwa tofauti. Kabla ya 8 Juni 1995 ilikuwa miaka 17 tangu hataza kutolewa. Zilizokuwa hai siku hiyo zilipewa muda ulio mrefu kati ya hiyo miwili. RSA iliombwa 14 Desemba 1977 na kutolewa kwa MIT 20 Septemba 1983, namba 4,405,829. Kwa hesabu ya 20 ingekufa 1997, kwa hesabu ya 17 ikafika 20 Septemba 2000. RSA Security wakaiachia 6 Septemba 2000, wiki mbili kabla. Diffie-Hellman, namba 4,200,770, ilikuwa imeisha 1997.

Na RSA ilikuwa na hataza Marekani tu. Njia ilishaelezwa hadharani kwenye Scientific American la Agosti 1977, kabla ya maombi. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja wa neema, nchi nyingi hazitoi. Matokeo yake SSLeay, mama wa OpenSSL, iliandikwa Australia na RSA ndani yake, huku msanidi aliyeko Marekani akitakiwa kutumia RSAREF, maktaba ya wenye RSA wenyewe, au kununua leseni.

#5 Korosho_Kodi
Nondo hizi. Nina mawili. Ile SecurityCredential ya Daraja, API ya M-Pesa, ambapo nenosiri linasimbwa kwa RSA na PKCS#1 v1.5 kwa cheti chao, ina shida yoyote? Na ECC, ule usimbaji wa mikunjo ya duaradufu? Kila mahali nasoma kwamba ECC imejaa hataza.

#6 DadaBiti
Ya Daraja haina shida ya hataza. Angalia tu usitumie OAEP, namna nyingine ya kujaza ujumbe wa RSA, kwa bahati mbaya, hawatalifungua nenosiri lako.

#7 Kilele254
ECC naijibu mimi. Koblitz na Miller waliipendekeza 1985, kila mmoja kivyake, na msingi wake haukuchukuliwa hataza. Kilichochukuliwa ni vitu vya pembeni, na Certicom ya Kanada ndiyo iliyoshika vingi: kubana nukta (kutotuma y yote ya nukta ya mkunjo), itifaki ya MQV, namna za kuharakisha hesabu. Mwaka 2003 NSA, shirika la ujasusi la Marekani, ililipa dola milioni 25 kwa leseni ya hataza 26 za Certicom. Mwaka 2007 Certicom ikaishtaki Sony, kesi ikafungwa 2009, mwaka huohuo RIM wa BlackBerry walipoinunua Certicom.

Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba Fedora, wasambazaji wa Linux, waliitoa OpenSSL iliyokatwa ECC hadi 2013. Kulikuwa na hati kabisa, `hobble-openssl`, kazi yake kufuta mafaili hayo kwenye chanzo kabla ya kujenga.

Kwa anayetaka njia salama iliyoandikwa, kuna RFC 6090 ya Februari 2011. Waandishi walijifunga kutumia marejeo ya 1994 na kurudi nyuma tu, ili kila hatua iwe na ushahidi wa kale. Hataza ya kubana nukta, 6,141,420, iliombwa Julai 1994 na imeshaisha. X25519 haikuwa na wasiwasi huo tangu mwanzo, kwa sababu inatuma x peke yake, na Miller mwenyewe aliandika kwamba x inatosha.

FunguoMbili, X25519 na Ed25519 andika "hakuna hataza inayojulikana". Usiandike "hakuna hataza". Ni sentensi mbili tofauti mbele ya hakimu.

#8 Msumari
Kilele254 umeeleza vizuri, ila sikubali kwamba ECC ilichelewa kwa sababu ya Certicom. Ilichelewa kwa sababu Windows XP haikuwa na ECC kwenye TLS yake. Mwenye tovuti asingeweka cheti ambacho XP haiwezi kukisoma, halafu XP ikakaa mezani kwa watu hadi 2014. Watoa vyeti nao walishajipanga kwa RSA.

#9 Kilele254
Sasa kwa nini Fedora waliikata? Fedora haina uhusiano na XP. Sababu yao ilikuwa ya kisheria moja kwa moja.

#10 Mvita_Seva
Wote mnaisahau sababu ya tatu, imani. Baada ya Septemba 2013 na habari kwamba Dual_EC_DRBG, kizalishaji cha namba nasibu cha NIST (taasisi ya viwango ya Marekani), kinashukiwa kuwa na mlango wa nyuma wa NSA, watu wengi waliacha kuiamini mikunjo ya NIST bila kujali hataza. Na hapa mambo mawili yanakutana. Brown na Vanstone wa Certicom waliomba hataza, maombi ya kwanza Januari 2005, yaliyoeleza jinsi Dual_EC inavyoweza kuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma, na jinsi ya kuuepuka. Maombi ya hataza ni nyaraka za wazi. Aliyesoma hataza angejua miaka mingi kabla.

#11 Msumari
Hiyo ya Dual_EC naikubali. Lakini ECC iliyoenea baada ya 2013 ni P-256 hiyohiyo ya NIST, iko kwenye vyeti mpaka leo. Imani peke yake haielezi.

#12 Nyuki_Dar
Mjadala huo mnaweza kuupeleka kwenye OCB, namna mojawapo ya kutumia AES, ushahidi wake ni safi zaidi. OCB ya Rogaway ya 2001 inasimba na kuthibitisha kwa mpito mmoja, karibu mwito mmoja wa AES kwa kila bloku. Ilikuwa kwenye rasimu ya 802.11i ya Wi-Fi. Ikaondolewa, ikawekwa CCMP inayoita AES mara mbili kwa kila bloku, kwa sababu ya hataza. Na hazikuwa za Rogaway tu. Jutla wa IBM alikuwa na zake, Gligor na Donescu walikuwa na zao. Ukipata leseni kwa mmoja, wawili bado wamesimama.

Rogaway alitoa leseni za bure 2013: moja kwa programu huria, moja kwa programu yoyote isiyo ya kijeshi, moja mahsusi kwa OpenSSL. RFC 7253 ikatoka 2014. Mwaka 2021 akatangaza kwamba hataza zake ameziacha kabisa. Wakati huo GCM, ambayo haikuwa na hataza, ilishaingia kila mahali.

#13 Msumari
GCM ilishinda kwa sababu Intel waliweka maagizo ya AES na PCLMULQDQ kwenye Westmere 2010. Kasi ya OCB ikakosa cha kujivunia.

#14 Nyuki_Dar
Intel waliweka agizo hilo kwa sababu GCM ilikuwa tayari kwenye viwango. Na iliingia kwenye viwango kwa sababu haina hataza. Umeshika mkia wa hoja yangu mkuu.

#15 DadaBiti
Mkibishana hapo msisahau OCB2 ilivunjwa 2018. OCB3 ya RFC 7253 haikuguswa. Anayechukua msimbo wa OCB mtandaoni aangalie ni toleo gani kabla ya kuangalia leseni. Na GCM nayo ina masharti yake: nonsi (namba ya kutumika mara moja) ya baiti 12, na kama ni ya bahati nasibu usizidishe ujumbe 2^32 kwa ufunguo mmoja. Nonsi ikijirudia mara moja, ufunguo wa uthibitisho unafichuka.

#16 Hatazani
Turudi kwa FunguoMbili. Hatua za kukagua hataza moja:

1. Tafuta namba kwenye Google Patents, angalia hali ya kisheria na tarehe ya kuisha inayokadiriwa. Ni makadirio ya mashine. Thibitisha kwa ofisi ya hataza ya Marekani kwenyewe, maana kuna siku za nyongeza kwa ucheleweshaji wa ofisi, na kuna hataza zilizokatwa muda kwa hiari ya mwombaji.
2. Angalia tozo za kudumisha. Marekani zinalipwa miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa. Asiyelipa hataza yake inakufa mapema.
3. Fungua Espacenet uone familia yake, yaani nchi gani nyingine iliombwa.
4. Soma madai yaliyo mwishoni, yale yenye namba. Ufupisho wa mwanzo hauna nguvu ya kisheria. Ili ukiuke dai, lazima uwe na kila sehemu ya dai hilo. Ukikosa moja, na huna kinacholingana nayo, kwa kawaida umetoka.
5. Kama algoriti ina RFC, ingia kwenye orodha ya matamko ya hataza ya IETF, wanaotoa RFC, utafute namba ya RFC hiyo.

#17 WakiliWaMsimbo
Hatazani, hatua ni sahihi, lakini usimpe mhandisi azifanye. Marekani hakimu anaweza kuzidisha fidia hadi mara tatu kwa aliyekiuka kwa makusudi, kifungu cha 284. Barua pepe ya ndani inayosema "nimeona hataza fulani, nadhani haituhusu" ndiyo karatasi ya kwanza mshitaki anayoiomba. Mhandisi asitafute. Atafute wakili, na mazungumzo yao yalindwe.

#18 Hatazani
Ushauri huo una upande wake wa pili. Tangu Halo dhidi ya Pulse, Juni 2016, mahakama inaangalia mwenendo mzima, na aliyefumba macho kwa makusudi naye hayuko salama. Kifungu cha 298 kinasema kutotafuta ushauri wa wakili hakuwezi kutumika kuthibitisha makusudi. Halafu duka dogo la watu watano Dar litamlipa wakili wa hataza wa Marekani kwa saa ngapi? Kukagua algoriti sita zinazojulikana dunia nzima ni kazi ya mchana mmoja.

#19 WakiliWaMsimbo
Zinazojulikana, sawa. Kwa hizo tamko la IETF na la NIST yanatosha, na hayo hata mhandisi asome. Ninachokataza ni kuvua bila mpaka, kuingiza maneno kwenye injini ya hataza na kuhifadhi kila kinachotokea. Hapo tutabaki kutofautiana, na mawakili wenzangu nao wanatofautiana.

#20 Kilele254
ML-KEM hakuna aliyeigusa, na ndiyo pekee kwenye orodha yenye hataza hai zinazotajwa.

Kyber, jina la zamani la ML-KEM, ilipochaguliwa Julai 2022, NIST ilikuwa inazungumza na wamiliki wa hataza mbili ambazo watu walihofia zinaigusa. Moja ni ya Ufaransa, ya CNRS na Chuo Kikuu cha Limoges (Marekani 9,094,189). Nyingine ni ya Jintai Ding (9,246,675). Mikataba ya leseni ikasainiwa mwaka huohuo, na mtekelezaji wa kiwango halipi mrabaha. FIPS 203, kiwango chenyewe, ikatoka 13 Agosti 2024.

Kwa hiyo kwenye orodha andika: "ML-KEM-768 kama ilivyo kwenye FIPS 203, chini ya leseni zilizopatikana na NIST". Neno "kama ilivyo" ndilo linalobeba mzigo.

#21 Nyuki_Dar
Bernstein, aliyetunga X25519, amelipigia kelele hilohilo. Leseni inafuata kile NIST ilichokiweka kuwa kiwango. Ukibadilisha vigezo, ukatunga Kyber yako kwa ajili ya vifaa vidogo, umetoka nje ya ua. Na Kyber ya raundi ya tatu, ile iliyokuwa kwenye rasimu za TLS, sio FIPS 203.

#22 DadaBiti
Kuna wanaosema hataza hizo mbili haziigusi Kyber kabisa, kwamba madai yake ni ya mpangilio tofauti, na NIST ililipia utulivu tu. Wengine wanasema NIST isingelipa bila sababu. Kwa FunguoMbili matokeo ni yaleyale: asibadilishe kitu. Anayeogopa zaidi aangalie sntrup761 iliyo kwenye OpenSSH (programu ya kuingia kwenye seva), iliyokuwa chaguo la kwanza tangu toleo 9.0 la Aprili 2022. Iko kwenye ukoo wa NTRU, ambayo hataza yake kuu ilikwisha 2017. OpenSSH 10.0 imehamia mlkem768x25519.

#23 Korosho_Kodi
Na leseni za maktaba? Uzi umefika mbali bila kulijibu lile ambalo mwenye uzi alisema ndilo pekee.

#24 Mvita_Seva
OpenSSL hadi 1.1.1 ilikuwa na leseni mbili za zamani zenye sharti la kutaja jina lao kwenye matangazo, na sharti hilo haliendani na GPL, leseni ya programu huria inayotaka chanzo kitolewe. Ndiyo maana programu nyingi za GPL zilikuwa na kibali maalumu cha kuunganishwa na OpenSSL. Tangu 3.0, 7 Septemba 2021, ni Apache 2.0. Inaendana na GPLv3. Na GPLv2 pekee, isiyo na maneno "au toleo la baadaye", haiendani. Kwa mtu wa GPLv2 kuna Mbed TLS, inatolewa kwa Apache 2.0 au GPLv2 na kuendelea, uchague.

Kifungu cha 3 cha Apache kina thamani kwako. Kila aliyechangia msimbo anakupa ruhusa ya hataza zake zinazoguswa na mchango wake. Ukimshtaki mtu kwa hataza juu ya kazi hiyo, ruhusa inakatika. Lakini inamfunga mchangiaji tu. Mtu wa nje aliye na hataza haimhusu.

libsodium ni ISC, fupi na rahisi, haitaji hataza popote. GnuTLS ni LGPL 2.1 na kuendelea: mtumiaji lazima aweze kubadilisha maktaba hiyo akaiunganisha upya. Linux hakuna shida. iOS, ukiiweka ndani ya faili moja iliyosainiwa, unaingia matatani. wolfSSL ni GPL au ulipie. libsignal ni AGPLv3, na hiyo inakufuata hadi kwenye seva: watumiaji wa mtandaoni wana haki ya kuomba chanzo. Maelezo ya Double Ratchet yenyewe ni mali ya umma, kwa hiyo unaweza kuandika msimbo wako, ingawa sikushauri.

#25 Msumari
Nyongeza kuhusu Argon2. Msimbo wa rejea unatolewa kwa CC0 au Apache 2.0. Chagua Apache na uandike kwamba umechagua Apache. CC0 inasema wazi kwamba haki za hataza haziachiwi. Fedora waliacha kuikubali CC0 kwa msimbo mpya 2022 kwa sababu hiyohiyo. Wengi wanaona CC0 wanadhani wamepewa kila kitu.

#26 Nyuki_Dar
Hilo sikulitegemea, asante Msumari.

Kwa Android, AES-GCM na RSA ziite kupitia mfumo wenyewe, iOS tumia CryptoKit kwa AES-GCM na Security framework kwa RSA. Hubebi msimbo, hubebi leseni ya ziada. Kwenye seva endesha `openssl version -a` na `openssl list -disabled`, uambatishe matokeo. Upande wa Android, `./gradlew :app:dependencies` inatoa mti mzima. Utashangaa ni maktaba ngapi za usimbaji zimeingia kupitia maktaba nyingine.

#27 WakiliWaMsimbo
Orodha ni nzuri, lakini kipengele cha mkataba ndicho cha hatari. Tazameni TQP. Hataza 5,412,730, kampuni isiyotengeneza chochote, ikawashtaki wenye tovuti zaidi ya mia kwa kutumia SSL pamoja na RC4. Newegg wakakataa kulipa. Novemba 2013 baraza la mahakama la Marshall, Texas, likawatoza dola milioni 2.3, ingawa Whitfield Diffie mwenyewe alikuja kutoa ushahidi. Jaji akaibatilisha hukumu hiyo Julai 2015. Mwaka huohuo CryptoPeak wakaanza kushtaki kwa ECC ndani ya TLS.

Angalieni tarehe. Hataza ya TQP iliisha 2012, hukumu ilikuwa 2013. Marekani unaweza kudai fidia ya miaka 6 iliyopita hata kama hataza imekufa. Kwa hiyo "imeisha" ina mkia wa miaka sita.

Kipengele kiandikwe hivi: uhakikisho uwe "kwa kadiri muuzaji anavyojua", fidia iwe na kikomo, mfano malipo ya miezi 12, iondoe madai yanayotokana na viwango vya wazi kama TLS, na madai yanayotokana na mteja kuunganisha programu na mifumo yake, na muuzaji awe na haki ya kubadilisha algoriti badala ya kulipa.

#28 Hatazani
Wateja wakubwa hawakubali kuondoa viwango vya wazi. Wanasema ndicho hasa wanachokiogopa.

#29 WakiliWaMsimbo
Basi kikomo cha fidia kisiguswe. Ukipoteza vyote viwili, usisaini.

#30 Korosho_Kodi
Kuna jambo la jirani. App Store wanauliza kuhusu usimbaji. Hiyo nayo ni hataza?

#31 Mvita_Seva
Hapana, hiyo ni sheria ya Marekani ya kusafirisha teknolojia nje. Programu ikipakiwa kwenye seva zao, inahesabika kusafirishwa kutoka Marekani. Kwenye Info.plist kuna `ITSAppUsesNonExemptEncryption`. Ukitumia HTTPS ya mfumo tu, kwa kawaida unaweka false. Ukibeba usimbaji wako ndani, unahitaji kujua namba ya kundi la udhibiti wa usafirishaji, mara nyingi 5D992 kwa programu za umma au 5D002. Kuna ripoti ya mwaka kabla ya 1 Februari kwa baadhi ya bidhaa, ingawa mabadiliko ya Machi 2021 yaliziondolea ripoti hiyo programu nyingi za soko la umma. Ufaransa ina tamko lake.

#32 Hatazani
Na mabadiliko hayohayo ya 2021 yaliondoa ile barua pepe ya taarifa kwa chanzo huria chenye usimbaji wa kawaida. Ukitumia algoriti uliyoitunga mwenyewe, taarifa bado inatakiwa. Sababu nyingine ya kutotunga.

#33 FunguoMbili
Asanteni sana. Nimebadilisha safu za orodha kama Mvita_Seva alivyosema, na "hakuna hataza inayojulikana" imeingia. Kipengele kinarudi kwa mteja na kikomo cha miezi 12. Swali moja: ML-KEM tunaipata kupitia oqs-provider, kiongezi cha algoriti mpya, juu ya OpenSSL 3.0, toleo la zamani kidogo, na jina linaloonekana ni kyber768. Nibadilishe jina tu kwenye orodha?

#34 Kilele254
Usibadilishe jina, badilisha programu. Hiyo ni Kyber ya raundi ya tatu, Nyuki_Dar kaisema #21. Panda hadi OpenSSL 3.5, ML-KEM imo ndani bila oqs-provider. Hakikisha kwa `openssl list -kem-algorithms`.

Na msipandishe seva peke yake. Ukubwa ni uleule, ufunguo wa umma baiti 1184 na kifurushi kilichosimbwa baiti 1088, kwa hiyo hakuna kitakacholalamika kuhusu urefu. Lakini ML-KEM imeondoa hashi mbili zilizokuwa kwenye raundi ya tatu, na upande wa kufungua hautoi kosa kifurushi kikiwa si sahihi, unatoa siri nyingine ya baiti 32. Mkitumia itifaki yenu wenyewe, kosa litaonekana kwenye AES-GCM kama lebo isiyolingana, na mtatafuta hitilafu mahali pasipo. Ndani ya TLS namba za kundi zinatofautiana, X25519MLKEM768 ni 0x11EC na rasimu ya Kyber ilikuwa 0x6399, kwa hiyo zitarudi kwenye X25519 tupu kimyakimya. Weka kumbukumbu ya kundi lililochaguliwa kwa kila muunganisho.

#35 Msumari
Na upime kwenye mitandao ya simu. Salamu ya kwanza ya TLS inabeba baiti 1216 za ufunguo huo peke yake, inavuka pakiti moja, na kuna vifaa vya katikati vinavyosoma pakiti ya kwanza tu na kuukata muunganisho.